Kidole cha Bwana Mate

Ofisi ya ardhi ilikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mkuu mpya aliyethubutu kuvigusa: kabati la chuma lililokuwepo kabla ya jengo lenyewe, na karani wa masjala. Kabati lilikuwa na kutu. Karani alikuwa na kidole.

Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na ncha yake ilikuwa laini, imelika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Kwa miaka thelathini na moja kidole hicho kilikuwa na safari moja tu, kutoka ulimini hadi kwenye pembe ya karatasi na kurudi ulimini. Wenzake walimwita Bwana Mate. Mbele yake walimwita Mzee, kwa adabu zote. Mate lilikuwa jina la nyuma ya mlango. Yeye alilijua miaka mingi akajifanya halijui, kwa sababu mtu akishajua jina lake la utani inambidi akasirike, na yeye kazi ilikuwa imemjaa hadi shingoni.

Tusimwonee lakini. Ukienda pale umekata tamaa, faili la kiwanja cha marehemu baba yako limepotea na shangazi zako wameanza kupima ua kwa kamba, ni yeye aliyekuwa anakuokoa. Angekutazama juu ya miwani, angelamba kidole, angepekua rundo la karatasi kwa kasi ya mtu anayechambua mchele, na kabla hujamaliza kueleza ukoo wako faili lingekuwa mezani. Watu walitoka pale wakimwombea dua. Aliamini mate ndiyo mafuta ya kazi, na kwamba vijana wanaopekua kwa kidole kikavu wataiacha nchi bila kumbukumbu.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti. Binti huyo alikaa kwenye ndoa miaka minane bila kupata mtoto, miaka minane ya kuulizwa maswali na watu wasiokuwa na haya, ndipo akajifungua msichana. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba nesi alimbeba kwa kiganja kimoja. Akakaa hospitali wiki tatu. Siku aliporudishwa nyumbani, Bwana Mate na mkewe walikuwa mlangoni tangu asubuhi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo walibeba mablanketi matatu, sabuni, na beseni jipya.

"Karibuni, wazazi wangu," binti akasema. "Naweni kwanza."

Bwana Mate akanawa, au tuseme aliionyesha mikono yake maji. Akainama juu ya kitanda. Kitoto kilikuwa kimelala, uso kama wa mzee aliyenyimwa mkopo, na shavuni kilikuwa na tone la maziwa lililokauka. Babu akayeyuka moyo. Akalamba kidole, akampangusa.

"Baba!" Binti aliruka mshono wake wa uzazi ukiwa bado haujapona. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Umempaka mwanangu mate!"

"Nimempangusa tu. Alikuwa na maziwa."

"Hicho kidole leo kimetoka wapi?"

"Kazini. Nilipitia kidogo."

"Kimeshika nini?"

"Mafaili."

"Na mafaili yameshikwa na nani?"

Bwana Mate akakificha kidole mgongoni, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa mji mzima.

"Basi sikiliza, Baba. Daktari amesema huyu akiharisha siku moja tu, tunaweza kumkosa. Hutamshika mpaka uache kulamba hicho kidole."

"Wewe mwenyewe nimekupangusa uso kwa kidole hiki hiki mpaka umeanza shule!"

"Najua. Harufu yake mpaka leo naikumbuka."

Akamtazama mkewe apate wa kumtetea. Mama, ambaye alikuwa amepanga kukaa pale miezi mitatu kumsaidia binti yake, alikuwa ghafla ameona kitu cha maana sana darini. Mzee akavaa kofia, akaondoka bila kunywa chai. Njiani alijiambia kwamba atasubiri waombe msamaha. Alikuwa ameumia hasa. Miaka minane alikuwa amemsubiri mjukuu huyo kimyakimya, na sasa alikuwa ameruhusiwa kumtazama kama bidhaa ya dukani.

Wiki hiyo hiyo ugonjwa wa kuhara ukaingia mjini.

Mkuu wa ofisi ya ardhi alikuwa mtu ambaye ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza umeandika wapi. Ulipokuja waraka unaosema wafanyakazi wote wanawe mikono, aliusoma mara mbili, akaona una upungufu mkubwa: hausemi itathibitishwa vipi. Akaagiza ndoo yenye bomba iwekwe mlangoni, na kando ya ndoo meza, na juu ya meza daftari kubwa la jalada gumu. Kila mfanyakazi alipewa ukurasa wake. Ukiingia unanawa, unaandika tarehe, saa, unatia sahihi. Ukirudi kutoka chakula cha mchana, vivyo hivyo. Kalamu ilikuwa moja, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana kalamu za ofisi ile zilikuwa na miguu. Na msimamizi wa daftari, nani mwingine? Bwana Mate.

Aliipokea kazi kama mtu aliyepewa cheo. Saa moja na nusu asubuhi yuko mezani, miwani puani. Mpima ardhi anaingia. Mzee analamba kidole, anapekua hadi ukurasa wa mpima ardhi, anamgeuzia. Anaingia mpokea wageni. Kidole ulimini, ukurasa huu hapa. Watu thelathini na wanane, mara mbili kwa siku. Aliyejaribu kupita bila kusaini alipigiwa kelele mpaka barabarani.

"Wewe! Unataka kutuua? Rudi usaini!"

Angalia alivyosema. Hakusema rudi unawe.

Sabuni ya kwanza iliibiwa siku ya kwanza. Ya pili iliibiwa siku ya pili, na ganda lake likabaki, kwa dharau. Ya tatu Mkuu akaifungia kwenye droo yake ili iwe salama, na kweli ikawa salama, hakuna aliyeigusa tena. Siku ya nne maji ya ndoo yaliisha na yule wa kuyajaza akawa ameenda msibani. Lakini wino haukuisha. Watu waliandika tarehe, saa, wakatia sahihi, wakaingia kazini wamesafishika kwa maandishi.

Wiki ya pili, ofisi ikaanza kukimbia. Vyoo vilikuwa viwili, kimoja kikiwa cha Mkuu, na ufunguo wake ulining'inia shingoni kwake kama medali. Kwenye kile kingine palikuwa na foleni ya watu wenye shahada zao, wamebana magoti, wanatazamana kwa chuki. Mpima ardhi mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, alihesabu hatua kutoka mezani kwake hadi mlango wa choo, akaandika barua ya kuomba kuhamishwa meza. Na kila aliyetoka chooni alipitia mezani kwa Mzee kusaini tena, kwa kuwa Mkuu alikuwa ameongeza kipengele.

Wagonjwa walifika kumi na mmoja. Mzee hakuumwa hata kichwa.

"Mnaniona?" aliwaambia. "Mimi nalamba kidole miaka thelathini na moja. Mmewahi kuniona nimelala kitandani? Nendeni mkamwambie binti yangu."

Jumatatu moja akaja afisa afya. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye begi kubwa kuliko yeye, na kabla ya saa nne watu walikuwa wameshambatiza Bibi Afya. Alisema ofisi hii peke yake ina wagonjwa wengi kuliko soko zima, na yeye amekuja kujua kwa nini. Mkuu akamwonyesha daftari kwa fahari. Bibi Afya akapekua. Siku kumi na nne, watu thelathini na wanane, hakuna aliyekosa kunawa hata mara moja, wakiwemo wawili waliokuwa wamelazwa hospitali.

"Hawa walinawaje?" akauliza.

"Wana marafiki wema," Mkuu akajibu.

Bibi Afya hakubishana. Akatoa karatasi ya kuomba ruhusa ya kufanya kipimo kidogo kesho yake, na Mkuu akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Kesho yake alifika pale alfajiri, kabla ya Mzee. Kwenye begi alikuwa na pakiti ya bluu ya kufulia, ule unga ambao ukiwa mkavu huuoni sana ila ukigusana na unyevu unatoa rangi. Akaupaka kwenye kalamu, kwenye uzi, na kwenye pembe za kurasa, ambazo kwa uchafu zilikuwa zimekwishakuwa nyeusi. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wageni na kusoma gazeti.

Saa nne, wakati wa chai, akawaomba wote wakusanyike ukumbini, Mkuu naye.

"Jamani," akasema kwa upole, "kila mtu amwangalie mwenzake."

Mtu akaguna, mwingine akacheka, na ukumbi ukalipuka. Mpini wa birika la chai ulikuwa wa bluu. Kitasa cha choo kilikuwa cha bluu. Mkate wa watu wote ulikuwa na vidole. Mhasibu alikuwa na bluu ndani ya masikio yote mawili, na Mkuu, mtu wa heshima zake, tundu la pua la kushoto lilikuwa la bluu mpaka ndani kabisa, mahali ambapo hakuna upepo unaofika. Shingoni mwa mpokea wageni kulikuwa na alama za vidole vinne vilivyopangika vizuri, na dereva wa ofisi alikuwa ameanza kuutafutia mkono wake mfuko ambao suruali haikuwa nao.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bwana Mate. Alishika mbavu. Aliwanyooshea kidole mmoja mmoja. Alimcheka dereva, akamcheka mhasibu, na alipofika kwenye pua ya Mkuu alirudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa chote, akacheka mpaka machozi.

Kicheko cha wengine kikakatika. Walikuwa wanamtazama mdomoni.

"Nini?" akasema.

Nyani haoni kundule, kwa hiyo Bibi Afya akatoa kioo kidogo kwenye begi akampa. Mzee akatoa ulimi. Ulikuwa wa bluu toka ncha hadi kooni, bluu ya kung'aa, bluu kama ya shati la sare. Meno bluu, fizi bluu, ndevu za kidevuni zina matone.

"Mzee wangu," Bibi Afya akasema, "hawa wote wamejipaka kidogo kidogo. Wewe umekula. Na kila ukurasa unaougeuza, unachukua cha aliyetangulia na kumwekea anayefuata."

"Lakini mimi siumwi!"

"Ndiyo. Inawezekana unao ugonjwa na tumbo lako limeuzoea. Wewe huumwi, Mzee. Unagawa."

Watu walirudia kucheka, na walikuwa na haki. Lakini yeye hakuwasikia tena. Alikuwa amekitazama kidole chake, nacho kilikuwa cha bluu kuliko kitu chochote mle ndani, na akawa anaona shavu. Shavu dogo lenye tone la maziwa. Akakumbuka ilikuwa upande gani, karibu kiasi gani na mdomo. Aliogopa, nasema aliogopa, kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe.

Mkuu naye alikuwa na hofu zake. "Sasa tukiliondoa daftari, tutajuaje kama wamenawa?"

"Fungua droo utoe sabuni," Bibi Afya akasema. "Mkono ulionawa unanukia. Ukiwa na wasiwasi na mtu, unusie."

Jioni Bwana Mate alikaa peke yake kwenye nyumba isiyo na mke, akasugua ulimi kwa mswaki, kwa chumvi, kwa kona ya taulo. Rangi ikagoma. Akampigia mkewe simu.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo kabisa. Kwa nini?"

"Hajaharisha?"

"Hajaharisha."

"Hata kidogo? Tangu siku ile?"

"Hata kidogo, baba watoto." Mama akahamisha simu sikio. "Vipi, ulimi umeshatoka rangi?"

Dereva na mdomo wake. Mzee akakata simu. Kisha akakaa kitandani akashukuru Mungu kwa sauti.

Kuacha sasa. Mtu anayesema mazoea ni kitu kidogo, ajaribu kulala upande ambao hajauzoea. Kwanza alipaka kidole pilipili. Siku ya kwanza aliunguza ulimi, halafu akafuta jicho kwa kidole hicho hicho, akaiona masjala yote kwa machozi. Siku ya pili aliungua tena. Siku ya tatu akaanza kuona kurasa zina ladha, akatambua hapo ameharibu zaidi. Akafunga kidole kitambaa. Akajikuta analamba cha pili yake. Akafunga mkono mzima, faili moja likamchukua nusu saa, na mjane aliyekuwa anasubiri akamuuliza kama ameumia kazini. Alikosa usingizi. Alikuwa mkali. Alilamba usingizini, na asubuhi kidole kilikuwa kimelowa na hana wa kumsingizia.

Aliyemsaidia ni mpokea wageni, yule wa shingo ya bluu. Alikuja na kisahani cha chai, amekatia humo kipande cha sponji na kukimwagia maji.

"Chovya hapa, Mzee. Posta wanafanya hivi."

"Kitu cha wavivu," Mzee akasema. Lakini akachovya. Karatasi ikageuka. Akachovya tena. Wiki ya kwanza kidole kilifika nusu ya njia kuelekea mdomoni mara zisizo na hesabu, kikakuta midomo imebanwa kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Wiki ya nne kilikuwa kinapotea njia mara moja moja. Wiki ya sita, mpokea wageni alimtazama siku nzima akiwa amejificha nyuma ya jalada, na kidole hakikupanda hata mara moja. Habari zikapita kwa dereva, kwa mama, kwa binti. Safari hii mdomo wa dereva ulifanya kazi ya maana.

"Aje," binti akasema.

Bwana Mate alifika Jumamosi amenyoa ndevu. Kabla hajakaribishwa alikwenda bombani akanawa, kwa sabuni, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda mrefu mpaka mkewe akamuuliza kama anataka kubaki na mifupa. Binti alimpa kijitabu cha kliniki cha mtoto, na kurasa zake zilikuwa zimegandana kwa maziwa.

"Hebu niangalie, Baba, uzito wa mwezi uliopita umeandikwa wapi."

Mzee alijua anapimwa. Sponji haikuwepo. Akaanza kugeuza kwa kidole kikavu, ukurasa mmoja, mwingine ukateleza, akaanza upya. Jasho likamtoka. Mkono ukainuka kidogo wenyewe. Akaushusha. Alitumia dakika nne kufungua kurasa sita, mtu aliyekuwa akipekua historia ya mji mzima kabla chai haijapoa.

"Kilo tatu na nusu," akasema hatimaye, kwa sauti ya mshindi.

Binti akamwekea mtoto mikononi.

Alikuwa amenenepa. Alikuwa ameshapata uso wake mwenyewe, na uso ule haukuwa na deni la mtu. Akamtazama babu yake kwa makini, kama anayekumbuka kesi ya zamani, akanyoosha kimkono, akakamata kidole. Kile kile. Akakivuta kuelekea mdomoni.

Babu akakinyakua. Mtoto akaangua kilio.

"Baba, si umenawa?" binti akauliza.

"Nilinawa. Halafu nikashika kijitabu." Alikuwa tayari anamrudishia mtoto. "Shika. Shika kidogo."

Akaenda tena bombani. Hakukuwa na meza pale, wala kalamu, wala mtu wa kumhesabia. Mkewe alikuwa jikoni na binti amempa mgongo akimbembeleza mtoto. Angeweza kuionyesha tu mikono maji. Akachukua sabuni, akaanza upya tangu kwenye kiwiko, akasuuza, akaipunga mikono hewani ikauke bila kugusa taulo. Akarudi akasimama mbele ya binti yake, mikono mbele, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

Binti akainama, akavinusa vidole.

"Kaa chini," akasema.

Akakaa. Mtoto akawekwa tena mapajani, akakitafuta kidole, akakipata, akakiingiza mdomoni chote mpaka kwenye kifundo, akaanza kukinyonya kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa. Mama alitoka jikoni akaona, akafungua mdomo aseme neno la utani, akaghairi. Bwana Mate alikuwa amekaa wima kabisa, anaogopa hata kupumua.